Mchanga Mweupe wa Nyumba ya Mama Tajiri

11 Februari

Mdogo wangu wa pekee,

Salamu zikufikie hapo ulipo, nyuma ya kilima chako cha mchanga, mahali ambapo hata simu inaogopa kwenda. Sisi huku wazima. Mguu wangu wa kulia, ule wa cherehani, unalalamika asubuhi lakini ukishapata moto unafanya kazi. Sare za shule mwaka huu nimeshona mpaka naota vifungo. Shemeji yako anakohoa kama kawaida yake na kukataa dawa kama kawaida yake. Anakusalimu, anasema chai yako hajaisahau.

Sasa kaa chini. Umekaa? Nyumba inasimama! Si chumba na ukumbi kama walivyozoea watu, ni nyumba, ina kibaraza mbele na kibaraza nyuma, na madirisha mapana mpaka jirani yangu, mama wa duka la dawa, amepita mara nyingi kujifanya anatafuta kuku wake. Mimi kuku wake sijawahi kumwona.

Na anayejenga ni nani? Ni Tajiri wangu. Tajiri yule yule uliyemlea wewe nilipolazwa, akajifunzia kutembea kwenye mchanga wako, akianguka analia kidogo kwa sababu palikuwa laini. Leo ana mafundi chini yake, ana lori, akipita mtaani watu wanamwita bosi. Aliponiuliza, "Mama, unataka ukuta wa namna gani?" nikamwambia sitaki lipu ya kijivu inayofanana na sufuria isiyosuguliwa. Nataka ukuta mweupe unaong'aa kama ule mchanga wa kwa mama yako mdogo. Akacheka, akasema, "Mama, umepata." Na mwanangu akisema umepata, umepata.

Ikiisha nakuja kwako. Nimeshawatangazia wote huku kwamba mdogo wangu ana kazi ambayo hakuna mwingine aliye nayo: watu wanatoka mbali, wanateremka msituni kwa miguu, wanafika mlangoni kwake, wanavua viatu anavitunza kwenye rafu, wanakunywa chai, ndipo wanaruhusiwa kukanyaga mchanga. Nimewaambia wewe ni meneja wa ufukwe. Usinikanushe. Na mimi nitateremka kwa miguu yangu mwenyewe, nitavua viatu kama wageni wengine, ila vyangu uviweke rafu ya juu. Sitaki vilale na malapa ya wanafunzi.

Nakupenda, na usinyamaze muda mrefu kama mara ya mwisho.

Dada yako, Mama Tajiri


20 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako ilikaa kwa nesi wa zahanati kwa sababu mvua ilikata njia na hakuweza kushuka. Nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, na paka akasikiliza mpaka mwisho. Mpe pole shemeji na kikohozi chake. Mimi sijambo. Bati la jikoni lilitoboka nikaziba. Embe zilizooza nimewapa kondoo wa nesi. Umeneja wangu ndio huo.

Nyumba nakupongeza. Hukuwahi kukaa mahali pasipovuja, na unastahili.

Nina neno dogo. Tangu mvua ilipokatika wanakuja vijana na viroba. Wanashuka kwa ile ile njia ya miguu, wanajaza mchanga, wanapanda nao begani hadi juu barabarani ambako lori linawasubiri. Mwanzo nilidhani ni wa kumwagia kiwanja cha mpira. Nilipowauliza mmoja akanijibu, "Bibi, bahari itarudisha." Hawavui viatu. Wanapita mlangoni pangu na mabuti kama wanapita sokoni.

Wana mkubwa wao. Alikuja siku moja tu. Yeye alivua viatu. Hakuuliza wapi pa kuviweka, alinyoosha mkono akaviweka rafu ya juu mwenyewe, kwa sababu anajua ipo. Alikunywa chai akamaliza, akaniamkia vizuri. Nilimwambia kilima hiki cha mchanga ndicho kinachozuia maji yasije kwangu. Akasema, "Tunachukua kidogo tu." Nilimwangalia miguu.

Dada, mwulize Tajiri mchanga wake anautoa wapi.

Wageni bado wanakuja. Wiki iliyopita walikuja bibi harusi na bwana harusi, wakaacha viatu vyao vikiwa vimefungwa kamba pamoja, nikacheka peke yangu.

Mdogo wako


29 Aprili

Mdogo wangu,

Habari za siku nyingi. Nimewacheka hao maharusi mpaka uzi ukanikatikia. Huku tu wazima, mguu uko vile vile. Shemeji yako amekubali dawa, lakini nilimdanganya kuwa ni ya meno.

Nyumba imepigwa lipu! Ungeiona ungelia. Jua la saa nne likiipiga, macho yanauma. Mwalimu mkuu aliyekuja kuchukua sare alisimama barabarani akasema, "Mama Tajiri, hii ni nyumba au ni jino?" Nimelirudia neno hilo kwa kila mteja. Mama wa duka la dawa hajatafuta kuku tena. Alikuja wazi wazi, akapapasa ukuta kama anayechagua kitambaa, akaniuliza fundi ni nani. Nikamwambia fundi yupo, ila ukuta huu haufanywi na fundi, unafanywa na mchanga, na mchanga huu anao mwanangu peke yake. Basi naye ametaka. Na yule wa mashine ya kusaga ametaka. Na shule inataka kwa ofisi mpya. Nimemtafutia Tajiri oda nyingi kuliko alizojitafutia mwenyewe, na ananiambia, "Mama, wewe ndiye ofisi yangu ya matangazo."

Ulisema nimwulize. Mtu anaponijengea nyumba siwezi kumhoji kama askari. Anasema ana watu wake wa mchanga, nao wana watu wao. Pwani ni ndefu, mdogo wangu, si kila mchanga mweupe ni wako. Na huyo mkubwa wao aliyevua viatu, watu wenye adabu wapo wengi, si lazima wote uwe umewalea wewe.

Nimekushonea gauni la kushukia nalo pwani tukiwa wawili. La bluu, mifuko miwili mikubwa ya kuwekea kauri na makombe. Mimi nina la aina hiyo hiyo. Tutaonekana kama wanafunzi wa shule moja. Nitakuja mwezi wa saba, vigae vikiisha.

Dada yako asiyepungukiwa


17 Juni

Dada,

Shikamoo. Nashukuru kwa gauni kabla ya kuliona. Paka hajambo. Nesi ameondolewa mfanyakazi mmoja, sasa anashuka mara chache, ndiyo maana nimechelewa. Hiyo ni sababu moja. Nyingine ni kwamba nilikuwa naandika na kuchana.

Usije mwezi wa saba.

Mawe yametokea. Sikujua kwamba chini ya mchanga wetu kulikuwa na mawe, wala mama yetu hakujua, wala yeyote aliyewahi kukanyaga hapa. Ni meusi na yana makali kama bati lililokatwa. Familia moja ilikuja na mtoto, wakavua viatu kama desturi ya hapa, mtoto akakanyaga hatua chache akakatwa. Baba yake alirudi akaniuliza, "Mama, kwa nini unatuvulisha viatu?" Sasa wanaokuja wanapita na viatu vyao, na wengi hawaji. Rafu yangu ina buibui.

Sasa hawabebi kwa mabega pekee. Mashua zinakuja upande wa mawe, zinajaza, zinaondoka. Nilipanda hadi kwa mwenyekiti wa kijiji. Alishuka na watu wawili, akashika kiuno, akapiga picha, akasema ufukwe si mali yangu kwa hiyo malalamiko si yangu. Nikamwuliza ni ya nani. Akasema ofisi yake itaangalia. Mimi naangalia kila siku, na kuangalia hakujazuia kiroba hata kimoja.

Maji yakijaa yanafika mlangoni. Hayaingii, yanabisha tu kisha yanarudi.

Umeandika kwamba watu wenye adabu ni wengi. Sawa. Mimi sikumtaja mtu, Dada, nilikusubiri wewe umtaje. Aliyevua viatu ni mwanao. Ana kovu chini ya kisigino cha kushoto, la chupa, nililomfunga mimi kwa upindo wa kanga yangu wewe ukiwa hospitali. Aliniita mama mdogo. Aliniambia, "Mama ndiye aliyeutaka mchanga wa hapa." Kiroba cha kwanza ni chako. Sikukunyima, ungeniomba ningekujazia mwenyewe. Vingine vyote hivi ni vya nani?

Mwambie aache. Mimi sina nguvu naye. Nikimtazama namwona anajifunza kutembea.

Mdogo wako


3 Agosti

Mdogo wangu,

Sijui nianze na salamu ipi. Tu wazima. Kikohozi kimerudi. Vigae vimeisha, ni vya rangi ya maziwa, na tumehamia. Niliwaalika watu wakaja wengi, viti vikapungua, wakala wakasifu. Naandika hayo kwanza kwa sababu ni ya kweli na kwa sababu sina mengine mazuri.

Barua yako niliificha chini ya cherehani. Nilikukasirikia. Nilisema, huyu hana mtoto, hajui mtoto kujengea mama nyumba ni kitu gani. Nilisema moyoni, sikumwambia mtu, ila shemeji yako aliniona ninavyoshona akaniambia, "Unaichoma nguo au unaishona?"

Kisha kuta zikaanza kutoa jasho.

Ilianza pembeni mwa dirisha. Nikafuta. Kesho yake iko pale pale. Nikadhani ni bomba, fundi bomba akaja akasema huku hakuna bomba. Rangi ikavimba kama ngozi iliyoungua na maji ya moto, ikapasuka, ndani yake kukatoka unga mweupe. Niligusa kwa kidole nikaonja, tabia yangu ya jikoni. Ni chumvi. Nikamwita mwashi mzee aliyejenga shule, akapiga ukuta kwa ufunguo wake, akasema, "Mama, huu ni mchanga wa baharini, na haukuoshwa. Utanyonya maji na kuyatoa mpaka lipu yote idondoke." Nikamwuliza dawa yake. Akasema dawa ni kubandua yote. Kwa mama wa duka la dawa ni hivyo hivyo. Ofisi ya shule ni hivyo hivyo. Siku hizi nikipita watu wanaacha kuongea.

Nilimwita Tajiri. Nilimketisha kwenye kiti cha cherehani kama nilivyokuwa nikimpima sare. Nikamwambia, acha mchanga wa mama yako mdogo. Alinisikiliza vizuri, hakunijibu vibaya, mwanangu hana ujeuri. Akasema, "Mama, mimi nilishaacha kuubeba. Niliwaonyesha watu njia tu. Sasa wana mashua zao, hawanijui wala hawanisikilizi. Nikienda kuwazuia watanicheka." Nikamwambia basi nenda wakucheke. Akainamisha kichwa. Akasema, "Na wewe ulikuwa ukiwaambia watu kila siku, Mama." Nikampa chakula. Alikula. Tangu wiki ile simu yake haipatikani. Wateja wanakuja kumwuliza kwangu, na mimi nawaambia yuko safarini kikazi, kazi kubwa.

Ni mtoto mzuri. Uliona mwenyewe, alivua viatu.

Njoo ukae hapa. Usisubiri maji yaingie. Nimekutengea chumba cha mbele, kina dirisha pana kuliko yote, na gauni lako la bluu nimelitundika mlangoni. Ila kitanda tumekiweka katikati ya chumba, usikisogeze ukutani, shuka zinalowa.

Dada yako


26 Septemba

Dada,

Shikamoo. Wasalimu nyumbani, na mwambie shemeji asali inasaidia kifua.

Maji yaliingia. Yaliingia mchana, bila kelele, nikiwa natwanga tangawizi. Nilipanda juu ya meza nikiwa na paka na birika. Ukuta wa mbele ulilala chini taratibu, kama mtu aliyechoka. Wa nyuma umesimama. Nesi amenipa chumba kimoja nyuma ya zahanati, napika chai kwa wagonjwa wanaosubiri. Sijambo, nina blanketi.

Kuhusu chumba chako cha mbele, asante. Umekipanga kwa moyo wako wote, najua. Lakini siwezi kulala humo, Dada. Nyumba yangu iko kwenye kuta zako, na usiku ningekuwa naisikia.

Sijakasirika. Ningekuwa nimekasirika ningekuja, tungegombana, tungelia, yangekwisha. Ni kwamba sijui cha kukufanya. Wewe pia hujui cha kunifanya. Kwa hiyo usije. Hakuna cha kuona, na mguu wako hautaiweza njia.

Mdogo wako


14 Novemba

Mdogo wangu,

Naandika hii nikiwa nimekaa kwenye kizingiti cha nyumba yako, au mahali kizingiti kilipokuwa. Nitampa nesi akupe. Samahani kwa mwandiko, natumia goti.

Tu wazima. Shemeji yako anakula asali. Tajiri alipiga simu mara moja, akasema yupo mahali, akauliza kama nimekula, ikakatika. Sauti yake ilikuwa nzuri. Lipu ya chumba cha mbele imedondoka yote, sasa tofali zinaonekana, na mtaani wameacha kuiita jino. Lakini haya nakuandikia ili barua iwe na salamu.

Uliniambia nisije. Tangu lini nimekusikiliza? Nilifika zahanati asubuhi. Nesi akaniambia umetoka, hajui umekwenda wapi, hajui utarudi saa ngapi. Aliyasema yote akiangalia dirisha. Mlango wako ulikuwa wazi kidogo, nikaona paka, nikaona blanketi limekunjwa kama mama alivyotufundisha. Nikaligusa birika. Lilikuwa la moto bado. Nimefurahi kwamba una afya ya kutembea haraka hivyo.

Nilikaa kwenye benchi la wagonjwa muda mrefu. Mama mmoja mjamzito aliniuliza naumwa nini. Nikamwambia mimi ni dada wa mpika chai. Akasema, "Chai yake ni nzuri sana." Nikaanza kumwambia kwamba mdogo wangu alikuwa meneja wa ufukwe, na maneno yakaniishia mdomoni, mimi, ambaye hayajawahi kuniishia.

Basi nikashuka. Njia ni ile ile, mizizi ile ile, mguu ukalia njia nzima nikauacha ulie. Nilikuwa nimevaa gauni la bluu. Lako nilikuwa nalo mfukoni, ndiyo kazi ya ile mifuko mikubwa. Nilisema moyoni, nikitokea kwenye ule upenyo wa mwisho wa miti nitauona wote kwa mara moja, mweupe, kama zamani tulipokuwa tunakimbia kugombania nani atauona kwanza. Nilitokea. Nilisimama. Sitakueleza, wewe unapajua.

Mashua mbili zilikuwa upande wa mawe. Nikawapigia kelele. Niliwaita majina ambayo mtu wa umri wangu hatakiwi kuyajua. Kijana mmoja akanipungia mkono, akadhani nawasalimu. Wakaendelea kujaza.

Nilipofika hapa kwako nilivua viatu. Sikufikiri, miguu ilijivua yenyewe. Nikatoka kutembea kidogo hadi majini na nikakatwa kama mtoto wa yule bwana, si sana, nimefunga kwa kitambaa. Ni ule ule mguu, kwa hiyo sasa una sababu ya kulalamika.

Ukuta wa nyuma bado umesimama na rafu yako iko juu yake. Nimefuta buibui. Nimeviweka viatu vyangu rafu ya juu, kama nilivyokuambia mwezi wa pili, na hakuna malapa ya mwanafunzi yeyote karibu navyo. Gauni lako nimelikunja pembeni. Ni viatu vyangu vizuri, vya ngozi, alivyoninunulia Tajiri, na sina vingine vya safari. Nesi ataniazima ndara za kunifikisha basi linapopita.

Sitavifuata mwenyewe. Mwenye kutunza viatu hapa ni wewe, na mgeni hajichukulii rafuni. Maji yakipanda tena yatavifikia, na mimi sitaweza kuyazuia kutoka huko niliko, kama nilivyoshindwa yote mengine.

Kwa hiyo shuka uvichukue, mdogo wangu. Usiniletee. Vichukue tu, vikae na wewe, nijue una kitu changu unachokitunza.

Dada yako